Sentimita Kumi na Nane

Daktari Nuh hakuwa daktari. Nalisema mapema ili wenye vyeti wasije wakaniandama. Alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kudunga sindano, lakini katika kijiji kile cha manyata, upande wa kwenda Bura, hapakuwa na mwingine wa kuitwa daktari, basi watu wakampa jina na yeye akalibeba bila makuu. Mimi niliitwa Karani, na nilikuwa karani kweli. Nilikuwa na meza, daftari la mistari, muhuri wa mpira, na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Kwetu ni Witu. Nilipopelekwa kule mwaka 1966, vita vya mashifta, waasi wa mpakani, vikiwa vimepamba moto, niliamini kabisa kwamba Jamhuri ingeanguka siku nitakayokosea tarehe.

Habari ninazozieleza ni za Nuh. Mimi nitajitokeza mara kwa mara, na kila nikijitokeza mtaniona mjinga. Hilo nimekwisha kulikubali.

Alizaliwa karibu na Hadado, kwa watu wa ngamia. Alipokuwa kijana, adeer yake, ndugu wa babake, alimchukua wakapeleke ngozi Kismayu. Adeer alirudi, Nuh akabaki, akaajiriwa kufagia hospitalini. Kulikuwa na tabibu mmoja Mtaliano, mzee mfupi mwenye hasira, ambaye aligundua kwamba mfagiaji wake hapiti kwenye kipimajoto bila kukisoma, wala kwenye mizani bila kujipima yeye na ufagio wake, kisha kujipima tena bila ufagio ili ajue uzito wa ufagio. Mtu wa namna hiyo hafukuzwi. Mtaliano akamfundisha kupima presha.

Chombo alichofundishiwa kilikuwa kisahani cha shaba chenye mshale, ukubwa wa saa ya mfukoni, na namba zake zilianzia nne zikaishia thelathini. Kila namba ilikuwa sentimita moja ya zebaki. Kwa kisahani kile, mtu mzima mwenye afya ana kumi na mbili au kumi na tatu, na mwenye kumi na nane anaumwa hata kama anacheka. Mtaliano alipofunga virago alimwachia Nuh kisahani na agizo moja: andika kile ambacho jicho lako limeona, na kando yake andika kipimo ulichotumia. Nuh aliliweka agizo hilo moyoni. Mkewe Safiyo alinilalamikia kwamba ukimuuliza mumewe kama mchuzi ni mtamu, anakujibu kuwa chumvi imepungua robo kijiko. Alikuwa mwanamke mvumilivu.

Serikali ilipofungua kijiji chetu ilimpa Nuh chombo kipya. Kilikuwa na kijiti cha kioo kilichosimama ndani ya sanduku la mbao, na zebaki ikipanda na kushuka ndani yake, na kilisoma kwa milimita. Pamoja nacho lilikuja jedwali la maabara, karatasi kubwa ya kubandika ukutani, iliyoonyesha namna ya kugeuza kila kipimo cha presha kuwa kingine: sentimita za zebaki kuwa milimita, milimita kuwa inchi, inchi kuwa paundi za tairi, na vyote kuwa milibaa, kipimo cha watu wa hali ya hewa. Kulikuwa hata na kitu kiitwacho tori, ambacho Nuh alikichunguza siku mbili akagundua ni milimita ileile ikiwa imevaa koti la maabara.

Nadhani ile ndiyo miezi aliyokuwa na furaha kuliko yote. Askari walikuja na gari lao, akasoma geji ya tairi, paundi ishirini na nane, akawatangazia kwamba hiyo ni milimita elfu moja mia nne arubaini na nane, na kwamba hakuna moyo wa askari yeyote unaoweza kuijaza tairi ile. Koplo aliyekuwa na funguo za lango aliudhika. Alidhani ametukanwa.

Sasa nieleze kijiji chenyewe, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Watu walikusanywa kutoka malishoni, wakazungushiwa ua wa miiba, ukawekwa lango moja na mtu wa kulilinda. Asubuhi tuliwahesabu, jioni tukawahesabu tena, na katikati nikaandika kwamba wamehesabika. Ngamia zao nyingi zilitwaliwa kwa sababu jirani wa binamu wa fulani alionekana akiongea na shifta. Watu waliokuwa wakihama na mvua wakawa wanakaa kivulini wakiutazama ua. Wenyewe tuliita jambo hili usalama, na tulilitamka kwa uso mkavu.

Kwa kuwa wazee hawakuwa tena na mifugo ya kushindania, walishindania presha. Mzee Nunow, ambaye zamani alikuwa na ngamia tisini na tisa na kila mtu aliijua hesabu hiyo kwa sababu alikuwa akiitaja kabla ya salamu kwisha, alipimwa akaonekana ana mia na hamsini. Mzee Abdille, hasimu wake tangu ujana, alikuwa na mia na arubaini. Nunow alitembea kijijini siku nzima kama mtu aliyeozesha binti kwa mali nyingi. Abdille akarudi zahanati kesho yake akihema, akiwa amezunguka ua mara tatu kwa miguu, akataka apimwe upya. Nuh alijaribu kuwaeleza kwamba presha kubwa ni ugonjwa. Walimsikiliza kwa adabu, na hawakuamini kwamba kitu kinachohesabiwa kinaweza kuwa bora kikiwa kidogo.

Mambo yakaharibika mwanzoni mwa mwaka 1967. Bomu la kutegwa ardhini lililipua lori barabarani, na baada ya wiki ukaja waraka ukitaka kemikali zote za hatari zitwaliwe. Koplo alisoma orodha, akaona neno zebaki, akaenda zahanati moja kwa moja. Alimimina zebaki ya Nuh ndani ya chupa ya soda, akaifunga kizibo, akaiandikia "baruti ya maji", akaipeleka Garissa yeye mwenyewe akiishika kwa mikono miwili njia nzima. Kwa bidii hiyo alipandishwa cheo akawa sajini, lakini sisi tulikuwa tumezoea kumwita Koplo, na nitaendelea kumwita hivyo.

Nuh akatoa kisahani chake cha shaba sandukuni, akakipangusa, akaanza tena kusoma kwa sentimita. Alipowapima wazee, Nunow alikuwa na kumi na tano na Abdille kumi na nne. Hao wawili, ambao hawakuwa wameongea kwa miaka kumi na moja, walikuja afisini kwangu pamoja.

"Karani," Nunow akaniambia, "serikali yako ilichukua ngamia yangu tisini, ikaniachia tisa. Nikanyamaza. Sasa imechukua na bresha, hivyo hivyo, imeniachia kidogo tu. Andika barua. Sisi tunataka bresha yetu irudishwe."

Nilicheka hadi nikamwaga wino. Nilicheka kwa sababu wale wazee hawakujua kwamba kumi na tano za sentimita na mia na hamsini za milimita ni kitu kimoja. Kumbukeni kicheko hicho, maana wiki tatu baadaye mtu aliyeshindwa kulijua jambo hilohilo nilikuwa mimi.

Habibo alikuwa binti wa Shamso, mama mmoja mrefu aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia kabla ngamia hazijatwaliwa. Mumewe Habibo alikuwa kizuizini kwa kosa la kuchelewa hesabu ya jioni. Mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Jumatatu moja Shamso alimleta zahanati akiwa amevimba miguu na uso, kichwa kinamuuma mbele, na anaona vimulimuli. Nuh alimfunga kitambaa mkononi, akapuliza mpira, akasikiliza, akatazama mshale. Namba ya juu, ile inayosomwa moyo unaposukuma, ilikuwa kumi na nane. Alimpima mara mbili tena, kwa mikono yote, akimpumzisha katikati. Mshale ukasimama palepale.

Nuh alijua maana yake. Mwanamke mwenye mimba na presha ile huweza kushikwa na kifafa wakati wowote, akafa yeye na alichobeba. Ilimpasa afike hospitalini Garissa, na njia ya kufika ilikuwa moja tu, msafara wa magari uliopita Jumanne na Ijumaa ukisindikizwa na askari. Kupanda msafara kulihitaji kibali. Kibali kilihitaji fomu. Fomu ilinihitaji mimi.

Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitatu vya kujaza namba ya juu ya presha, na ilisema kwamba tarakimu zikipungua, kisanduku cha mbele kijazwe sifuri. Waraka ulioambatana nayo ulikuwa mfupi. Chini ya 160, mgonjwa abaki kijijini apumzike. Kati ya 160 na 220, apewe nafasi kwenye msafara. Zaidi ya 220, asisafirishwe kabisa, kwa kuwa magari ya msafara hayakukusudiwa kubeba maiti watarajiwa. Hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa.

Nuh, mtu wa agizo lake, aliandika kile jicho lake lilichoona: 018. Kando yake, kwa mwandiko mdogo nadhifu, akaandika "sm za zebaki". Shamso akaniletea karatasi.

Nikaitazama. Nikautazama waraka. Kumi na nane iko chini ya mia moja na sitini, nikasema, na iko chini sana, mshukuru Mungu. Nikaiingiza kwenye daftari, nikagonga muhuri wa ABAKI, nikamrudishia nakala. Hayo maandishi madogo ya kandoni sikuyasoma. Fomu haikuwa na kisanduku cha maandishi ya kandoni.

Jumanne msafara ukapita.

Nuh alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliweka jedwali la maabara mezani kwangu, amelibandua ukutani, akaweka kidole kwenye mstari. Alinieleza kwamba waraka unahesabu kwa milimita na kisahani chake kinahesabu kwa sentimita, na kwamba sentimita moja ni milimita kumi, hata mimi nilifundishwa hivyo shuleni kwa rula. Kisha akaweka fomu mpya. Ilikuwa imeandikwa 180.

"Ni kitu moja, Karani," akasema. "Ni bresha moja ya mwanamke mmoja. Namba imebadilisha nguo tu."

Nilielewa. Nataka liwe wazi, maana miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa ndani ya dakika moja. Lakini nilikuwa na sababu yangu, na hiyo lazima niieleze, kwa sababu mtu asiyejua biashara ya mbuzi ya zamani zile atadhani nilikuwa mnyama.

Wakati ule mbuzi hawakusogea bila kibali cha kuhamisha mifugo. Mfanyabiashara akiomba mbuzi kumi, nilimwandikia 10. Akifika mbele kidogo, chini ya mti, kalamu inatoka kwenye kilemba, 10 inakuwa 100, na mbuzi tisini waliokuwa wakisubiri kichakani wanaingia barabarani wakiwa raia halali. Mimi ndimi niliyeligundua jambo hili. Nililiandikia barua ya kurasa tatu. Wakubwa waliipenda, na kutokana nayo ukatoka waraka kwa wilaya nzima, wenye kifungu nilichokitunga kwa mkono wangu: hati yoyote ambayo tarakimu yake mpya ni ile ya awali iliyoongezwa sifuri nyuma, ihesabiwe imeghushiwa, na aliyeileta akamatwe. Nililikata tangazo lake gazetini nikalibandika ukutani juu ya meza yangu. Hakuna kitu nilichokuwa nimefanya maishani kilichonifurahisha kuliko kifungu kile.

Na sasa, chini ya tangazo hilo, mbele ya Koplo aliyekuwa amesimama mlangoni akisafisha kucha kwa kijiti, Nuh alikuwa ananiletea 018 iliyogeuka 180. Sifuri imetoka mbele imehamia nyuma. Sifuri ya mbele ilikuwa amri ya serikali, ya nyuma ilikuwa jinai. Nikamwambia Nuh kwa sauti ya upole, na upole huo ulinipendeza mwenyewe, kwamba kwa heshima yake sitamkamata. Nikaichana fomu.

Alirudi zahanati akakaa na jedwali lake. Safiyo alinisimulia baadaye kwamba hakula. Alikuwa anatafuta kipimo ambacho presha ya Habibo ingeweza kuandikwa bila kufanana na mbuzi wa wizi. Tori haikufaa, kwa kuwa nayo ingetoa mia na themanini ileile. Inchi za zebaki zilitoa saba na kidogo. Paundi za tairi zilitoa tatu na nusu, na mgonjwa wa tatu na nusu angeonekana hajazaliwa. Ikabaki milibaa. Akazidisha, akagawanya, akahakikisha kwa njia ya pili. Alhamisi alikuja na fomu ya tatu: 240, na kando yake, "milibaa".

Nilifurahi kuiona, sitaficha. Ilikuwa namba ngeni kabisa, haikuwa na undugu na kumi na nane. Nikashika muhuri wa APANDE. Koplo akainama juu ya bega langu, akaweka ukucha wake uliosafishwa kwenye waraka, mstari wa tatu. Zaidi ya 220, asisafirishwe.

Nikauweka muhuri chini.

Hapo ndipo Shamso, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na mlango tangu asubuhi, aliposimama. Hakulia. Alikuja hadi mezani, akanitazama kama mtu anayetazama bidhaa akijiuliza iliharibika lini.

"Karani, wewe ni Muislamu," akasema. "Mtoto wangu miguu yake imejaa maji. Macho yake haioni fizuri. Kumi na nane umekataa, ni kidogo. Mia mbili na arubaini umekataa, ni kubwa. Niambie wewe unataka namba gani, mimi nitaenda kuitafuta."

Nilimwambia aketi. Koplo naye alikuwa na lake la kusema, na alilisema kirefu: kwamba katika siku nne chombo kimoja kimetoa hesabu tatu za mtu mmoja, kumi na nane, mia na themanini, na mia mbili arubaini, kwamba shahidi wa binadamu akifanya hivyo mahakamani anafungwa, na kwamba chombo cha Kitaliano, kilichotoka Kismayu, kinachotoa namba zinazobadilika kabla ya kila msafara, kilifaa kutazamwa na watu wa usalama. Ijumaa asubuhi, msafara ukiwa umesimama langoni injini zikinguruma, alikwenda akakitwaa kisahani cha shaba. Nuh alimkabidhi bila ubishi. Alimwomba tu asikiangushe, kwa kuwa mshale ungepotoka, na ukipotoka haurudi. Msafara ukaondoka.

Mwisho wa juma ule ulikuwa mrefu. Habibo alilazwa zahanati, kwenye kivuli, amelalia ubavu wa kushoto kama Nuh alivyoagiza, na Safiyo akawa anampa maji kwa kijiko. Wazee waliacha mashindano yao. Nunow na Abdille walikaa nje ya mlango wakisoma Yasini kwa zamu, na nilipopita waliniamkia. Hilo la kuniamkia ndilo lililonichoma. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na sikuwa nimewahi kumwonea aibu mtu aliyenisalimia.

Jumatatu Nuh akaja na fomu ya nne. Aliiweka mezani akaisukuma taratibu kwa kidole. Ilikuwa imeandikwa 190. Kando yake hapakuwa na kitu.

Nataka mwelewe alichokuwa amekifanya mtu yule. Hakuwa na chombo. Zebaki yake ilikuwa ndani ya chupa ya soda Garissa, kisahani chake kilikuwa ndani ya mfuko wa khaki wa Koplo. Hakuna jicho lililoona mia na tisini mahali popote. Miaka kumi na tisa tangu Mtaliano amkabidhi agizo lile, hakuwahi kuandika namba asiyoiona, hata ya joto la mwili, hata ya siku za mwezi. Hii aliitunga. Na alipoiweka mezani kwangu hakunitazama usoni.

Niliikagua. Ilikuwa juu ya 160 na chini ya 220. Haikuwa kumi na nane iliyoongezwa sifuri. Tarakimu zilikuwa tatu, zimejaa visanduku. Nilijua hana chombo, na Koplo aliyekuwa na chombo hicho mfukoni alijua zaidi yangu, lakini fomu haikuuliza imepimwa kwa nini. Nikagonga APANDE. Koplo akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema unaona sasa, watu hawa wakitaka wanaweza kufuata utaratibu.

Jumanne Habibo akapandishwa lori la msafara, akalazwa juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwa mamake. Nilisimama langoni na daftari langu nikaandika saa ya kuondoka. Nilijiona mtu mwema siku ile. Niliona kwamba nimekunja sheria bila kuivunja, kwamba mimi na Nuh tumesaidiana kimyakimya, na nikamtumia Safiyo sukari.

Jumanne ya pili yake, msafara ulileta barua kutoka hospitalini. Ilikuwa ya mistari miwili, imepigwa taipu. Nilisoma mstari wa kwanza kwa sababu namba ilikuwa mstari wa kwanza, na faili langu lilihitaji namba. Ulisema kwamba mgonjwa Habibo alifika salama na kwamba alipopimwa mapokezi presha yake ya juu ilikuwa milimita 190 za zebaki.

Nilikimbia, jama. Karani wa serikali, mwenye viatu vya ngozi, nilikimbia kwenye mchanga mchana kweupe nikiwa nimeinua barua juu. Nilimkuta Nuh anachemsha sindano. Nikamwambia hakudanganya. Nikamwambia ile namba aliyoitunga ilikuwa ya kweli, kavu, mia na tisini, wamepima wenyewe kwa chombo cha hospitali, na kwamba kuanzia leo aache kutembea ameinamisha kichwa. Nilikuwa nacheka. Nilidhani nimemletea zawadi.

Alijifuta mikono. Aliichukua barua akasoma mstari wa kwanza, kisha akasoma wa pili, ambao mimi sikuwa nimeusoma. Alinirudishia akiwa ameweka kidole hapo ili nione. Ulisema kwamba mama anaendelea kupata nafuu, na kwamba mtoto wa kiume alizaliwa akiwa amekwisha kufa.

"Mimi nilimpima Jumatatu ile ya kwanza," Nuh akasema. "Mara tatu, mikono yote. Alikuwa mia na themanini. Hizo kumi ni zako, Karani."

Akarudi kwenye sindano zake. Nilikunja barua nikarudi afisini. Gari za msafara zilikuwa bado langoni, na watu walikuwa wamejipanga mbele ya meza yangu wakinisubiri na fomu zao mkononi.